Shoga, hiyo droni iache kwanza dukani

Dodoma, Jumapili usiku

Mama Sudi shoga yangu,

Assalaam alaykum. Huku wazima, ila vumbi na baridi ya alfajiri inayoingia mifupani. Habari za mguu wa mama utanipa wewe mwenyewe, maana Hadija nikimuuliza ananijibu "yupo yupo" tu, na mimi hiyo "yupo yupo" sijui niifurahie au niilie.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kusema. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na muuza maji aliyekuwa anapita nyuma yako. Unataka kumnunulia Sudi droni ya rimoti, kwa vile tangu atoke kwangu hana hadithi nyingine ila ndege. Moyo wako naujua. Lakini nakuomba, hiyo droni iache kwanza dukani. Nivumilie nikueleze.

Ile ndege tuliyoitengeneza mimi na Sudi, niliyokutumia picha yake, hukuiona vizuri. Mabawa ni maboksi ya foma ya chipsi mayai. Tuliyakata bapa, tukaunga kwa gundi nyeupe ya mbao, kwa sababu supaglu inaila foma, halafu tukayaburuta taratibu ukingoni mwa meza mpaka yakapata mpindo kwa juu. Mwili ni vijiti vya mishikaki. Mota imetoka kwenye droni mbovu ya mjukuu wa Mzee Chilewa, kidude cha unene wa milimita 7, na pangaboi lake. Tulipoipeleka kwa sonara kuipima, ndege nzima haikufika gramu 20. Sonara akauliza tunauza au tunaweka rehani.

Betri haina. Umeme unakaa kwenye kapasita, kikopo kinachotunza umeme kidogo na kuutoa haraka, cha faradi 10 (ndicho kipimo cha ukubwa wake) na volti 2.7. Unaijaza kwa betri mbili ndogo za kuchaji, unachomoa, unawasha, unaiachia. (Betri mbili mpya za kawaida zinapita volti 3, hizo hapana, zitaiua.) Humo ndani mna nishati ya jouli 36 na kitu, basi. Sudi alipiga hesabu mwenyewe, kwa kijiti, mchangani: nusu ya 10, mara 2.7, mara 2.7. Kisha akaleta uzito, akapata kwamba bila hasara yoyote ndege ingepanda zaidi ya mita 180. Yetu inapita paa la darasa, inachoka. Unajua aliniuliza nini? "Mamdogo, mita nyingine zimekwenda wapi?" Huyo huyo unayesema hesabu hazipandi! Tukazitafuta: mota inachemka, pangaboi dogo linachapa hewa ovyo, na umeme wa mwisho unabaki koponi kwa sababu volti zikishashuka mota haina tena ubavu.

Sasa hilo la rimoti. Ulicheka, ukasema ndege gani hiyo haiendeshwi. Ndiyo hiyo hiyo. Ikishatoka mkononi haina bwana. Chochote unachotaka ikafanye huko juu, uwe umeshakiweka ukiwa huku chini. Ikiinua pua, ikasita, ikaporomoka, ikainua tena, ujue mkia umeelemea; unabandika kidonge cha udongo puani. Ikivutwa kushoto mota ikiwa na nguvu (na itavutwa, pangaboi likienda kulia mwili unataka kwenda kushoto), unaigeuza mota kidogo ielekee kulia na chini. Na kapasita nayo ina ujeuri wake: inaanza kwa vishindo, inaishia kwa unyonge, kwa hiyo ndege uliyoitengeneza kwa sekunde ya kwanza, sekunde ya kumi ni nyingine. Inabidi utafute mahali pa kuziridhisha zote mbili. Asubuhi nzima inakwisha hapo, mnaongeza udongo, mnapunguza udongo, uji unapoa.

Mwenye rimoti angebonya kidole, ndege ikanyooka, asijue ilikuwa inaumwa nini. Tena droni za siku hizi zinajisawazisha zenyewe, hata hicho kidole hakina kazi kubwa. Sisemi asiwe nayo maisha. Nasema bado.

Baba Sudi akisema ni michezo ya kitoto, mwambie hivi. Ujerumani alikuwepo mtu anaitwa Fred Militky, wa kampuni ya Graupner. Alihangaika na vindege vya umeme visivyo na rimoti, na mwaka 1960 kimoja kikaingia madukani, kikiitwa Silentius. Wengi waliamini mota na betri ni uzito mtupu. Mwaka 1973, kule Austria, mtu huyo huyo alikuwa nyuma ya ndege iliyopaa na rubani ndani, Heino Brditschka, kwa umeme peke yake, dakika 9. Baba Sudi anapenda miaka na majina, atanyamaza.

Haya, na hili Sudi hajakusimulia, najua. Siku ya mwisho tulichelewa uwanjani, jua limeshapanda, mwewe wanazunguka bila kupiga bawa. Nikamwambia turudi nyumbani. "Moja tu, Mamdogo." Ikapanda kama kawaida, mota ikazima, na ndege haikushuka! Ile hewa ya moto inayonyanyuka ardhini, inayozaa visulisuli vyetu vya mchana, ilikuwa imeibeba. Ikauvuka mbuyu, ikawa nukta, watoto wa mtaa mzima nyuma yake. Tuliikuta kwa wachunga mbuzi, na mbuzi ameshaonja bawa. Sudi alicheka mpaka akakaa chini. Kapasita ndiyo hatukuiona tena.

Ndiyo maana nakutuma. Ukipita Kariakoo, kwenye zile fremu za vifaa vya redio, nichukulie kapasita mbili, ziwe zimeandikwa 2.7V 10F. Muuzaji atakupa yenye alama ya mikro (µ) kabla ya F, akuapie ni ile ile. Si ile ile, ni mara milioni ndogo. Ikizidi gramu chache mkononi, rudisha. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitaipokea stendi. Hela utakata kwenye ile ya kitenge cha Mama Zuhura, ambayo naona kila mtu ameamua kuisahau isipokuwa mimi.

Luku inalia, nifupishe. Droni umeshailipia au ulikuwa unanipima? Sudi anakuja likizo ya Desemba au Baba Sudi ameshampangia tuisheni? Mvua zitakuwa zimeanza, lakini alfajiri huwa hakuna upepo, au hutaki aamke mapema? Yule fundi wenu wa friji bado anatupa foma nzuri nene? Na Side, kweli anaoa, au ni maneno ya Hadija?

Nijibu kwa maandishi, si kwa sauti, muuza maji wako anazungumza kuliko wewe.

Wako,
Tatu