Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ruhusa Tunayo, Faili Hatuna

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na habari ya bomba lililopasuka maktabani mnaijua, maana hakuna ambaye hajanung'unika. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo lililotutia mgogoro: vitabu tunavyowaandalia wenzetu wasioona, na malalamiko ya waandishi tulio nao humu chamani.

Kwenye kikao cha katikati ya mwaka kuna waliosema tunaiba. Hatuibi. Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa kule Moroko tarehe 27 Juni 2013, chini ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani. Unazitaka nchi zilizojiunga ziruhusu taasisi zisizotafuta faida, zinazotambuliwa na serikali, kutoa kitabu kwa breli (majirani zetu Tanzania huiita nukta nundu), kwa sauti au kwa herufi kubwa bila kumwomba mwenye hakimiliki kibali. Sharti ni kwamba nakala imfikie asiyeona, mwenye uoni hafifu, au mtu ambaye ulemavu wake haumruhusu kusoma chapa ya kawaida, hata yule asiyeweza kushika kitabu mkononi. Kenya ilijiunga mwaka 2017, na 2019 sheria yetu ya hakimiliki ikarekebishwa ili iupe mkataba huo nguvu. Sisi tunaifanya kazi hii chini ya shule inayotambuliwa. Si uchochoroni.

Ila ruhusa haichapi kitabu. Mchapishaji anayo faili safi kwenye kompyuta yake, na mkataba haumlazimishi kutupa. Tuliwaandikia wachapishaji wawili. Mmoja alituma faili kabla ya magharibi ya siku ile ile. Wa pili hajajibu hadi leo, na barua ni mbili. Kwa hiyo kitabu cha huyo wa pili tulikipitisha kwenye skana ukurasa baada ya ukurasa, na skana, kama mjuavyo, haijui Kiswahili. King'ong'o cha "ng'" ndicho kilichotutesa: kile kialama cha juu kinapotea, "ng'oa" inageuka "ngoa", yaani wivu. Mwenzetu mmoja asiyeona alikuwa akisikiliza programu ya simu ikimsomea habari za mtu mwenye jino bovu, akacheka hadi akajishika mbavu: "Huyu anaumwa jino au analilia ngoa?" Kicheko kilipokwisha, mwalimu mmoja mstaafu, mama yetu, alikaa na kitabu kile wiki nzima akirudisha vialama kimoja kimoja. Nasema kweli, wiki ile ingeokolewa na barua pepe moja.

Sasa kosa letu. Mwandishi mmoja, mwanachama mwenzetu, alikuja kwangu baada ya mfungo. Hakufoka. Aliweka simu mezani akabonyeza, nikasikia hadithi yake ikisomwa, na nyuma ya sauti adhana ya alasiri ikiingia kwa dirisha la chumba chetu. Sikuwa na la kujitetea. Ni vijana wetu waliorekodi, kwa ajili ya wasioona, na rekodi ikatoka mkononi mwetu ikaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wenye macho mazima. Mkataba uliotupa ruhusa ndio huo huo unaotutaka tuhakikishe anayepewa anastahili, tuzuie nakala zisisambae, na tuweke kumbukumbu za kila tunachotoa. Kumbukumbu zetu zilikuwa kichwani mwa katibu. Nilimwomba radhi mwandishi yule faraghani, na leo naomba radhi mbele yenu.

Kwa maoni yangu, wanaotuharibia zaidi ni wale wanaopenda kutukingia kifua. Mtu anaingia duka la fotokopi, anatoa kitabu kizima cha mtihani, kisha anasema elimu ni ya wote kama wanavyosema wasioona. La hasha. Yeye anaona, na kitabu kiko dukani. Kwa sheria yetu kazi ya mwandishi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na wengi wa waandishi ninaowajua hawajaona mrabaha wa kununua hata gunia la mchele. Asiyeona hakuwa mnunuzi wa chapa ile tangu mwanzo, kwa hiyo nakala yake haimpunguzii mwandishi kitu. Ya fotokopi inampunguzia.

Jambo moja limenipa moyo. Mkataba unaruhusu nakala kuvuka mpaka kati ya nchi zilizojiunga, na Uganda iliingia 2018, Tanzania 2020. Kiswahili ni kile kile. Kitabu alichokitolea jasho mama yetu hakina haja ya kupitishwa tena kwenye skana Tanga, kinatumwa. Tumeanza mazungumzo na wenzetu wa huko, na orodha ya vitabu walivyo navyo tumeipata.

Naomba mkutano uamue mawili. La kwanza, kila mwandishi wa chama anaposaini mkataba na mchapishaji adai kifungu cha kutoa faili kwa ajili ya wasioona. La pili, kila rekodi ianze kwa kutaja namba ya msomaji aliyepewa, na namba hiyo iwe daftarini. Daftari liko mezani kwa katibu. Wenye nakala zetu majumbani, tafadhali msiondoke kabla ya kuandikishwa.