Si dunia iliyomng'oa Pol Pot

Mhariri,

Makala yenu kuhusu UNESCO kuliingiza gereza la Tuol Sleng, Kambodia, katika orodha ya Urithi wa Dunia, Julai 2025, nimeisoma mara mbili. Imeandikwa kwa moyo. Tatizo langu ni sentensi moja tu karibu na mwisho, ile inayosema kwamba mwaka 1979 dunia ilimng'oa madarakani Pol Pot, kiongozi wa Khmer Wekundu, wakomunisti waliokuwa wakiitawala Kambodia. Haikumng'oa. Dunia, au niseme sehemu yake kubwa yenye kura, ilimpa kiti katika Umoja wa Mataifa.

Nasema hili nikijua kwamba nami nina lawama. Kambodia haikuwa kwenye mtaala wetu, lakini katika miaka 31 ya kufundisha historia sikukosa mwanafunzi wa kuniuliza, na jibu langu lilikuwa lile lile: alitokea kichaa mmoja porini, akaua watu wake, akaondolewa. Haya, tuendelee na somo.

Huyo kichaa alikuwa amesomea mambo ya redio Paris, akarudi kwao kuwa mwalimu. Jina lake halisi ni Saloth Sar. Ieng Sary, mwenzake katika uongozi, naye alikuwa mwalimu. Khieu Samphan, kiongozi mwenzao, alikuwa na shahada ya udaktari wa uchumi. Na Tuol Sleng yenyewe, kama mlivyogusia kwa haraka, ilikuwa shule ya sekondari. Madarasa yaligawanywa kwa kuta za matofali yaliyopangwa ovyo, kila chumba upana wa hatua moja, na mfungwa akafungwa pingu za miguu pale pale yalipokuwa madawati. Kila aliyeingia alipigwa picha. Walipita humo watu zaidi ya 14,000, na waliookoka ni wa kuhesabu kwa vidole. Mkuu wake, Kaing Guek Eav aliyeitwa Duch, alikuwa mwalimu wa hesabu. Wafungwa waliteswa mpaka wakaandika maungamo, naye akawa anayapitia kwa wino mwekundu, anaandika pembeni, anadai maelezo zaidi. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza niliiweka chini kalamu yangu. Nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha tatu.

Mliyoyaandika kuhusu 1975 hadi 1979 sina haja ya kuyarudia: mji mkuu Phnom Penh kuhamishwa wote baada ya Aprili 17, pesa kufutwa, nchi nzima kugeuzwa shamba la mpunga, Waislamu wa Kicham kulishwa nguruwe kwa nguvu, na watu kama milioni 1.7 hivi kufa katika nchi yenye watu wasiofika milioni nane. Naongeza tu kwamba Khmer Wekundu hawakuota kama uyoga. Jenerali Lon Nol alimpindua mtawala wa nchi, Mwanamfalme Sihanouk, Machi 1970, na Sihanouk kwa hasira akajiunga na wale wale wakomunisti aliokuwa akiwawinda, akawapa jina lake vijijini. Huku ndege za Marekani zikamwaga zaidi ya tani 500,000 za mabomu mpaka Agosti 1973. Mkulima aliyepoteza nyumba na ng'ombe hahitaji kusomewa Karl Marx. (Na tafadhali, mwandishi wenu anapoandika "Wakhmer waliua", ajue Khmer ni jina la taifa zima, waliouawa na waliowaua.)

Sasa nirudi kwenye kile kiti.

Vietnam iliingia Kambodia Desemba 25, 1978, baada ya vijiji vyake vya mpakani kushambuliwa mara kwa mara. Ba Chuc peke yake, Aprili 1978, watu zaidi ya 3,000 waliuawa. Januari 7, 1979, Phnom Penh ikaanguka. Miezi mitatu baadaye, Aprili 11, majeshi yetu ya Tanzania pamoja na Waganda wapiganaji yakaiteka Kampala, na sababu ilikuwa ya aina ile ile: jirani aliyevuka mpaka na kuua watu wetu Kagera. Mjomba wangu alikuwa mwanamgambo huko, akarudi na mguu mmoja usiokunjika. Alikuwa hakosi taarifa ya habari ya redio jioni, na siku moja akaniuliza, "Mjomba, hivi hawa Wavietnam na sisi tumetofautiana nini? Mbona wao wanatukanwa?"

Sisi nasi tulisemwa, kule Monrovia kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Lakini hakuna aliyependekeza nduli Amin aendelee kuiwakilisha Uganda. Kambodia ilikuwa kinyume. Septemba 21, 1979, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuhusu nani akalie kiti cha nchi hiyo. Nchi 71 zikasema ni serikali ya Pol Pot, 35 zikakataa, 34 hazikufungamana na upande wowote. Marekani, Uingereza na China zilikuwa miongoni mwa hizo 71. Hesabu yao ilikuwa kuibana Vietnam, na nyuma ya Vietnam, Wasovieti wa Moscow; waliozikwa hawakuwamo. Bendera ya Khmer Wekundu ikaendelea kupepea New York, wenyewe wakajipanga upya kwenye mpaka wa Thailand kwa silaha za China, na waliobaki hai ndani ya nchi wakanyimwa misaada ya maendeleo ya Umoja wa Mataifa miaka yote ya themanini.

Sitetei Vietnam kwa kila kitu. Majeshi yetu yalitoka Uganda mwaka 1981. Ya Vietnam yalikaa miaka kumi, mpaka Septemba 1989, na Mkhmer aliyeuita ule ukaaji uvamizi hakuwa mwongo. Hapo jibu la swali la mjomba ninalo nusu.

Gharama ya kiti kile ilionekana mahakamani. Sisi tuliokuwa tukipanda basi kupitia Arusha tunakumbuka mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda: iliundwa Novemba 1994, mwaka ule ule wa mauaji, na Septemba 1998 tayari ilikuwa imemhukumu Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, kifungo cha maisha. Mwaka huo huo wa 1998, Aprili 15, Pol Pot alikufa Anlong Veng bila kusimamishwa mbele ya jaji yeyote wa kimataifa. Mahakama ya Phnom Penh ya kuwahukumu Khmer Wekundu ilianza kazi 2006, ikala zaidi ya dola milioni 300, na ikatia hatiani watu watatu: Duch, Nuon Chea aliyekuwa msaidizi mkuu wa Pol Pot, na Khieu Samphan. Ieng Sary alikufa 2013 kesi haijaisha.

Na aliyefaidika na Januari 7 ni nani? Hun Sen, kamanda wa Khmer Wekundu aliyekimbilia Vietnam 1977, akawa waziri mkuu 1985 na kukaa mpaka Agosti 2023, alipomwachia mwanawe Hun Manet. Chama kikuu cha upinzani kilifutwa na mahakama Novemba 2017. Uchaguzi uliofuata chama chake kikazoa viti vyote 125. Mpinzani akifungua mdomo hukumbushwa ni nani aliyewaokoa. Jibu la kweli kwa maneno hayo lingekuwa jepesi kidogo kama wakubwa wa dunia wangekuwa na cha kuonyesha kwa mwaka 1979.

Kwa hiyo naomba masahihisho, Mhariri, hata kama ni mistari miwili kwenye ukurasa wa ndani. Pol Pot aling'olewa na Vietnam pamoja na Wakhmer waliokuwa wamemkimbia, na kiti chake kikalindwa na Umoja wa Mataifa. Nafasi ikibaki, wekeni na zile kura: 71, 35, 34.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga