Usiku ule wa Berlin Mzee alikuwemo

Dada Mariamu,

Za siku nyingi, na poleni tena na msiba. Picha zote nimezipata. Naandika usiku huuhuu kwa sababu ya lile neno la Shangazi, kwamba Mzee, rubani wa ndege za mabomu za Uingereza wakati wa vita, alijiongezea safari ya Berlin kwenye daftari lake. Hakujiongezea. Mwambie hivyo kabla hujamaliza kusoma.

Tazama tena mstari wa 22 Novemba 1943 kwenye daftari lake la urubani. Wino mwekundu ni safari ya usiku. Safu ya rubani wa kwanza ina jina la mtu mwingine, na safu inayofuata imeandikwa "Self", yaani yeye mwenyewe. Sasa fuata mstari huohuo hadi kulia: saa zake zimeingia kwenye usiku, rubani wa pili. Rubani mgeni hakuachiwa ndege siku ya kwanza. Alipandishwa kwanza na rubani mzoefu, akaone kwa macho yake makombora na taa za kumulika. Wenyewe waliita "second dickey". Lancaster, ndege yao ya mabomu, ina usukani mmoja tu, na kiti cha pembeni ni cha fundi wa injini, kwa hiyo mgeni mara nyingi alisimama. Wenzake sita walibaki chini wakimngoja. Asingerudi, wangerudishwa mafunzoni wakatafutiwe rubani mwingine. Nikifikiria hao sita roho inaniuma.

Ndiyo maana hukumwona kwenye kumbukumbu za kikosi: ulimtafuta mahali pa nahodha. Soma majina yote chini ya yule rubani mwingine. Huwa wa pili kwenye orodha, au wa mwisho kabisa, na mara nyingine karani alimsahau.

Tena nahisi ulipakua faili silo. Kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza, kule Kew, vitabu vya vikosi viko chini ya namba AIR 27, na mwezi mmoja huwa na mafaili mawili. "Summary of Events" ni fomu 540, habari za jumla za kikosi. Unayoitaka ni "Record of Events", fomu 541: namba ya ndege, majina, saa ya kuruka na ya kutua. Majina yalikosewa sana, basi mtafute kwa namba ya ndege, kwa kawaida herufi mbili na tarakimu tatu. Na usishangae tarehe kuandikwa 22/23. Waliruka jioni wakarudi usiku wa manane.

Uliuliza mbona safari zake za baadaye zina watu wanane wakati Lancaster ni ya saba. Kikosi chake, cha 101, pale kituo cha Ludford Magna, Uingereza, kuanzia Oktoba 1943 kilibeba mtu wa ziada kwenye ndege zake nyingi, kazi yake kusikiliza redio za waongozaji wa ndege za Kijerumani na kuzivuruga. Kwa hiyo usiku ule wa Berlin ukihesabu majina tisa, aliyezidi juu ya wanane ni Mzee, popote alipoandikwa.

Faili lake la utumishi liombe Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, ila mafaili yanahamishiwa Kew tangu 2022, kwa hiyo angalia kwanza liko wapi. Uwe na namba yake ya jeshi. Kama alianza sajenti kisha akapewa uofisa, ana namba mbili. London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, lilizichapa zote pamoja.

Daftari lenyewe, tafadhali, usilipeleke kwa lamineti wala usilibandike utepe wa gundi. Lifunge kwenye karatasi, mbali na unyevu.

Sasa nijibu. Jaladani pana namba? Jina la yule rubani mwingine linasomekaje, maana picha imepata kivuli pale pale? Ile picha ya vijana saba mbele ya gurudumu, nyuma yake pameandikwa kitu? Mama anakumbuka jina la hata mmoja wao? Na Shangazi, atakubali umsomee mstari ule?

Wako,
Zuhura