Mdogo wangu, Carney hakushika kitambaa

Mdogo wangu,

Ya kiwanja nimekuachia, malizana na shangazi. Lakini ile kauli yako matangani, mbele ya wazee, kwamba William Carney, yule askari mweusi wa Marekani, alipewa nishani "kwa kushika kitambaa", yaani bendera ya kikosi, bado imenikaa kooni. Na wewe ndiye mwenye kichwa cha historia katika ukoo huu!

Vita vile vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini na Kusini, vilipiganwa kwa magobore. Unang'ata karatasi ya risasi, unamimina baruti, unashindilia kwa mdeki, unaweka fataki, ndipo unafyatua. Fundi wake alipiga 3 kwa dakika. Moshi ulitanda, amri hazisikiki kwa mizinga. Askari alijua wenzake walipo kwa kutazama bendera. Ikianguka, kikosi kinatawanyika. Adui alilijua hilo, akamwandama mbebaji, naye mikono yote iko kwenye mti wa karibu mita 3. Hawezi kujibu hata risasi moja. Hicho ndicho kitambaa chako.

Sasa ifikirie Fort Wagner, South Carolina, jioni ya 18 Julai 1863. Ngome ilipigwa mizinga mchana kutwa, lakini kuta zake za mchanga zilimeza makombora, na Wakusini walioishika walijificha chini wakisubiri. Watu kama 600 wa kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari weusi wa Kaskazini, wakapita ufukweni palipobanwa kati ya bahari na kinamasi. Mbeba bendera akaanguka. Carney, sajini aliyezaliwa utumwani Virginia, akatupa bunduki, akaidaka, akaifikisha ukutani. Kanali Shaw, mkuu wa kikosi, aliuawa palepale. Wenzake waliporudi nyuma, Carney akaiviringisha kwenye mti wake, akavuka handaki la maji huku risasi zikimpata. Askari wa kikosi kingine akaomba ampokee. Akakataa: haibebwi ila na mtu wa 54.

Nishani ya Heshima, ile ya juu kabisa ya jeshi la Marekani, aliipata 1900. Ndiyo, 1900! Na serikali hiyohiyo iliwapangia askari weusi dola 10 kwa mwezi, 3 zikikatwa za nguo, mzungu akichukua 13. Waligoma kupokea hadi Bunge liliposawazisha 1864.

Unajua nakupenda. Ila ukikaa na watu wazima, usimpime askari kwa aliowaua tu. Ndiyo maana nilikukatiza, wala si kwa ajili ya kiwanja. Na sikukufokea kama unavyosambaza. Kinamama walikuwa wanaimba, bila kupaza sauti usingenisikia.