Tusiwazibie kuku hewa kwa kuogopa baridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu michoro ya mabanda ya kuku tunayoonyeshwa kwenye kurasa za kilimo. Mingi inafaa Pwani: ukuta unaishia kiunoni, juu ni wavu mtupu. Mtu wa Uyole au Makambako, huku kwetu nyanda za juu zenye baridi, anaufuata mchoro huo kugeuza stoo yake kuwa banda, kisha Juni ikiingia na upepo wake anakimbilia nailoni na kuziba kila tundu. Kuku mkubwa mwenye manyoya makavu anaistahimili baridi yetu. Asichokistahimili ni unyevu na hewa nzito ya kinyesi chake mwenyewe.

Chukulia stoo ya mita 3 kwa 2.4. Kwa kuku wanne kila mita ya mraba, inabeba 28. Ukitaka 30, wawe wanatoka nje mchana. Kuku anayetaga hunywa karibu robo lita kwa siku, kwa hiyo hao 30 wanakunywa lita saba na zaidi. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudi bandani kama pumzi na kinyesi. Ukifunga pote, usiku mvuke unapanda hadi kwenye bati la baridi na kugeuka matone. Ingia alfajiri uangalie misumari ya paa: kila mmoja unaning'iniza tone lake, na chini yake maranda yamelowa duara dogo. Mafua na kuhara damu hushamiri kwenye maranda ya namna hiyo.

Kwetu hewa ipite juu ya vichwa vya kuku. Kata mwanya wa sentimita 30 chini ya paa, pande zote mbili ndefu. Pigilia wavu mgumu wenye matundu ya nusu inchi. Ule mwepesi wa kuku huzuia kuku kutoka, lakini nguchiro na kicheche huupasua, na panya hupita bila kuuliza. Shona viroba viwe pazia, lakini pigilia ukingo wa chini, ili unapolifunga ulivute kwenda juu na kuacha wazi sentimita 10 hadi 15, hata Julai. Wengi hulitundika kutoka juu, na likifunuliwa kidogo chini upepo unamshukia kuku. Dari jepesi la mianzi au matete chini ya bati hupunguza matone, mradi lisizibe ule mwanya.

Stoo za mabanzi, ambazo Mufindi na Njombe zimejaa, zina shida yake. Upepo unapita katikati ya mbao chini kabisa, walipo kuku. Ziba nyufa kwa udongo hadi urefu wa mita moja. Lakini kwanza bandua magome yote, maana utitiri hujificha humo mchana na kutoka usiku kunyonya damu. Utapaka dawa kuku mpaka uchoke huku nyumba ya utitiri iko ukutani.

Sakafu msiifanyie mzaha. Stoo iliyokaa mbolea, dawa za viazi au mahindi yaliyochanganywa na dawa ina sumu kwenye vumbi, na kuku hudonoa kila kitu. Kama ni ya udongo, chota sentimita 15 za juu ukatupe mbali na kisima, kisha mwaga zege la inchi tatu kwa uwiano wa saruji moja, mchanga tatu, kokoto sita. Kwa stoo hiyo, mifuko mitatu hadi minne inatosha pamoja na kulainisha juu. Kuta paka chokaa. Maranda yawe ya randa, unene wa sentimita 8 hadi 10. Unga wa msumeno una vumbi na vifaranga huula. Viwandani msichukue maranda ya nguzo zilizotiwa dawa, hata mkipewa bure. Ukikamata maranda kiganjani na kuyaminya yakabaki donge, yamelowa, yatoe.

Kichanja cha kuku kulalia kiwe sentimita 60 hadi 75 kutoka chini, kila kuku sentimita 20, na kiwe cha kuchomoka ili kisafishwe. Viota vya sentimita 30 kila upande, kimoja kwa kuku watano, viwe chini kuliko kichanja. Vikizidi urefu kuku watalala humo na mayai yatachafuka. Mlango ufungukie nje. Ukifungukia ndani, maranda yatauzuia baada ya wiki mbili.

Vifaranga ndio pekee wanaohitaji joto la ziada, na hapo kosa la kuziba linaua kwa usiku mmoja: jiko la mkaa kwenye chumba kisicho na mwanya hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Wazungushie kona yao kwa mduara wa mabati au maboksi mazito, upashe joto hapo tu, mwanya wa juu ukiwa wazi.

Naomba waandishi wa kurasa hizo wakichora banda waandike na mahali linapofaa. Na mfugaji mwenye mashaka na banda lake achuchumae humo alfajiri kabla ya kufungua mlango wa kuku, kichwa kiwe usawa wa kichanja, akae dakika tano. Macho yakiwasha, mwanya hautoshi.

Mfugaji,
Mbeya