Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama, familia zenye mgonjwa wa akili, Mwanza

Ndugu wanachama, poleni na majukumu. Vikao tumefanya, kutembeleana Igoma na Buhongwa tumefanya, misiba tumezikana, hayo mnayajua.

Niende kwenye lile la watoto maana ndo limeleta maneno. Ni kweli mimi ndo niliamua Jumamosi ya mwisho wa mwezi watoto wa darasa la tano kwenda juu wakae na nesi waelezwe skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, ni kitu gani, na ni kweli soda na nauli zilitoka kwenye mfuko wa chama, jumla 184,000. Wapo wanaosema natia watoto hofu na kuanika siri za nyumba za watu. Jamani siri gani wakati mtoto ndo analala nayo? Kuna binti wa darasa la sita, mama yake akianza kuzima zima redio na kuziba dirisha kwa kanga yeye anajua ugonjwa unarudi kabla ya baba, baba yuko sokoni Mwaloni na dagaa zake, basi siku hiyo shule haendi anabaki kumwangalia mdogo wake. Na miaka yote alikuwa anaamini mama aliugua sababu yeye aligoma kwenda kuteka maji. Sisi wakubwa tuko bize kubishana karogwa hajarogwa. Kijana mwingine akauliza, na mimi nitaugua? Nesi akamwambia ukweli, mzazi mmoja akiwa nao, kwenye watoto 100 kama 10 hivi ndo wanaupata. Yule kijana alicheka, yeye alishajihesabu mgonjwa. Sasa hiyo ndo hofu?

Halafu wanaolalamika ndo haohao hawakutokea kikao cha kuzungumzia kufokeana nyumbani, wakati watafiti kina George Brown kule Uingereza toka miaka ya 50 na 60 walishaona mgonjwa akirudi kwenye nyumba ya kusimangwa ugonjwa unamrudia upesi zaidi. Tulikaa watu sita na viti vya kukodi 40.

Ada. Tuko 46, buku mbili kwa mwezi, waliomaliza mwaka ni 11, madeni laki sita na ushee. Nauli za wagonjwa kwenda kuchoma sindano ya dawa ya kila mwezi nimetoa mfukoni kwangu mara nyingi tu, sisemi nisifiwe ila iandikwe.

Mwakani Mungu akijalia tutafute mradi, kuku au samaki wa vizimba, tutaona. Jumamosi ya watoto inaendelea, anayepinga aje aseme kikaoni, siyo voisi za saa sita usiku kwenye grupu.