Taka mbichi za Lamu zisipelekwe tanurini

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa taka za mji wa Lamu, maana siku hizi kila zinapozungumzwa barazani hutajwa tanuri la kuchomea kana kwamba ndiyo dawa pekee. Kwa karatasi, mbao na vifuu, tanuri lafaa. Lakini sehemu kubwa ya uchafu utokao sokoni na vichochoroni ni mbichi: maganda ya maembe na matikiti, nyanya zilizooza, matumbo ya samaki na mavi ya punda, vitu ambavyo uzito wake mwingi ni maji.

Hesabu yake si ngumu. Chukua kilo 100 za taka za sokoni zenye maji asilimia 80. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kwahitaji megajuli 200 hivi za joto, ilhali kilo 20 zinazobaki, hata zikiungua bila hasara yoyote, hutoa kama megajuli 340. Zaidi ya nusu ya joto imekwishaliwa na maji kabla sufuria haijainjikwa. Na zikiwa ni za matikiti, ambayo maji yake yapita asilimia 90, moto haujilipi kabisa. Itabidi tununue dizeli ya kuchomea maganda, nasi twajua dizeli inavyofika kisiwani kwa gharama.

Busara ni kutafuta njia isiyoanza kwa kuyafukuza maji. Iliyo karibu zaidi nasi ni biogesi: vijidudu visivyotaka hewa hula taka ndani ya tangi lililofungwa na kutoa gesi ambayo kwa kawaida zaidi ya nusu yake ni methani, ya kupikia au kuendeshea jenereta. Vijidudu hivyo hustawi kwenye nyuzi 35 hivi za selsiasi, na hali ya hewa ya pwani haiko mbali na hapo. Wala si jambo la kigeni, kwani huko Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yalishatumiwa kuzalisha umeme kwa njia hii.

Kwetu kazi iko kwenye mchanganyiko. Matumbo ya samaki yana protini nyingi. Yakizidi, amonia hujaa tangini, vijidudu hudhoofika na gesi hukoma. Mavi ya punda yamejaa nyuzinyuzi za majani, na ndiyo yanayorudisha uwiano. Kwa hiyo anayezoa kinyesi cha punda Langoni na anayepara samaki sokoni wanahitajiana, ingawa leo kila mmoja hutupa chake peke yake. Suala la maji ni zito zaidi. Maji ya chumvi yakikolea huvidhuru vijidudu, na maji matamu ya visima vya Shela si ya kumwaga tangini. Yafaa majimaji yatokayo mwishoni yarudishwe kukorogea taka mpya, na tope linalobaki lipelekwe mashambani bara kama mbolea, mbali kabisa na michanga ya Shela inayotuhifadhia maji ya kunywa. Gesi yenyewe huja na harufu ya mayai viza, nayo hula vyuma. Tiba yake ni kuipitisha kwenye vipande vya chuma chenye kutu, na kutu, alhamdulillahi, hatujapungukiwa.

Iko njia nyingine, ya maji moto yaliyobanwa kwa kani kubwa hata yasichemke. Mjerumani Friedrich Bergius, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1931, aliijaribu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kati ya nyuzi 180 na 250, taka mbichi hugeuka kitu mfano wa makaa ya mawe. Joto likipanda zaidi ya hapo, hutoka mafuta mazito ambayo lazima yasafishwe kabla ya kutumika. Lakini mitambo yake hutaka chuma kinene na mafundi waliobobea, na huacha maji machafu yanayohitaji kushughulikiwa. Singependa kaunti ikopee fedha mtambo huo. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kingeweza kuanza na chombo kidogo cha majaribio.

Magamba ya kamba na kaa nayo yana kitini, malighafi ya kutengenezea dawa za kusafishia maji na vitambaa vya kufungia vidonda, ila kuitoa kwahitaji asidi na magadi makali, kazi isiyofaa uani mwa mtu.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 tayari yataka taka zinazooza zitengwe na nyingine. Basi kabla ya zabuni yoyote ya tanuri, naiomba serikali ya kaunti iweke mapipa ya matumbo ya samaki na ya samadi ya punda, ipime uzito wake msimu wa kaskazi na wa kusi, kisha itangaze takwimu hizo hadharani ili wananchi wajue mtambo wa ukubwa gani unahitajika, na wa kazi gani.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu